Siku Mana Ilipokoma

Somo: Yoshua 5:10–12; Kutoka 16:14–35; Kumbukumbu la Torati 11:10–12
Mstari wa kukumbuka: Yoshua 5:12



Wiki hizi ombi moja limeletwa kwangu kuliko mengine yote. Linakuja kwa vikaratasi, linakuja kwa simu, linakuja baada ya ibada mtu akinivuta kando: "Pasta, tuombee kazi isiishe." Wengi wanaoniambia hivyo ni wachumaji wa majani chai. Lakini si wao peke yao. Kuna karani wa ofisi, kuna dereva wa lori, kuna kijana aliyekuwa akiandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kwenye kompyuta, na sasa hao wanafunzi wanaandikiwa na akili bandia bila kulipa hata shilingi.

Kwa hiyo leo sitahubiri kuhusu kazi ya zamani wala kazi ya kesho. Nitahubiri kuhusu ile siku iliyo katikati, siku ambayo cha zamani kinakoma. Biblia inayo siku hiyo, na ina tarehe. Fungua Yoshua sura ya tano.

Israeli wamevuka Yordani. Wako uwanda wa Yeriko. Siku ya kumi na nne ya mwezi, jioni, wanakula Pasaka. Kesho yake wanakula mazao ya nchi, mikate isiyotiwa chachu na bisi. Na siku inayofuata, wanapoamka, mana haipo. Wala haikurudi tena.

Hebu fikiri kidogo. Kutoka 16 inatuambia walikula mana miaka arobaini. Wale waliotoka Misri wakiwa na miaka ishirini na zaidi walikufa jangwani, isipokuwa Yoshua na Kalebu. Maana yake ni nini? Karibu kila mtu aliyesimama pale Yeriko alikuwa amelelewa na mana. Mama alijua kitu kimoja: amka mapema, chukua chombo, okota kabla jua halijawa kali. Mtoto wake alifundishwa hivyo, na mjukuu hivyo hivyo. Hawakuwa wavivu. Kuokota mana ilikuwa kazi, na walikuwa wameizoea sana. Halafu asubuhi moja kazi hiyo ikaisha duniani.

Mwambie jirani yako: mana inaweza kukoma.

1. Mana ilikoma, Mungu hakukoma

Angalia mfuatano wa siku hizo. Wengi wanausoma haraka. Mana haikukoma kwanza, watu wakalala njaa, ndipo mazao yakaja. Walikula mazao kwanza. Mana ikakoma kesho yake. Mungu aliwaonjesha chakula kipya kabla ya kuondoa cha zamani. Na hata kabla ya hapo, katika Yoshua 1:11, watu waliambiwa watengeneze vyakula, kwa kuwa baada ya siku tatu wangevuka. Mungu alitoa notisi.

Basi mimi naamini kwamba Mungu wetu, ambaye hajabadilika, bado anatuonjesha mazao mapya mana ya zamani ikiwa ingali inaanguka. Tatizo ni kwamba mtu mwenye tumbo lililojaa mana haonji kitu kingine. Anasema, "Nina kazi, niachieni." Notisi imebandikwa ukutani mwaka mzima, yeye anapita tu.

Kuna jambo lingine. Nimesoma kitabu cha Yoshua chote, na sijaona mahali watu walifunga na kuomba mana irudi. Huku kwetu nimesikia maombi ya namna hiyo. Nimesikia mtu akiomba Mungu avunje mashine. Ndugu yangu, mana ilikuwa zawadi ya Mungu. Haikuwa Mungu. Mwajiri wako ni mkono mmoja tu ambao Mungu alikulishia. Mkono huo ukifungwa, aliyekulisha hajafungwa. Amen?

2. Kwa nini inakoma

Sasa wacha tuseme mambo wazi, maana imani haiogopi hesabu.

Hapa kwetu Kericho chai imechumwa kwa mkono tangu mashamba makubwa yalipoanza kupandwa miaka ya 1920. Majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, kilo mezani kwa mpimaji. Kwa kilo hizo nyumba zimejengwa Kisii, Bomet, Kakamega na Siaya. Watoto wamesoma hadi chuo kikuu kwa vidole vya mama zao.

Kisha ikaja mashine ya kushikwa na watu wawili, mmoja upande huu na mwingine upande ule wa mstari. Wanaipitisha juu ya michai kama wanaonyoa nywele, na gunia linajaa nyuma. Wazee wa chai watakuambia mkono bado unachagua jani vizuri kuliko mashine. Ni kweli. Lakini kampuni haiwezi kujipangia bei. Chai nyingi ya Kenya inauzwa mnadani Mombasa, na bei inatoka kwa wanunuzi wa nje. Asiyeweza kupandisha bei hutafuta pa kupunguza gharama, na gharama kubwa kuliko zote katika chai ni mshahara wa watu. Hiyo ndiyo hesabu iliyoleta mashine. Mei 2023 watu walikasirika, mashine zikachomwa hapa hapa Kericho. Naelewa uchungu ule. Lakini moto uliteketeza chuma, haukuteketeza hesabu.

Na uchungu wenyewe ni mkubwa kuliko mshahara. Mfanyakazi wa shamba la chai akipoteza kazi, mara nyingi anapoteza nyumba, kwa sababu nyumba ni ya kampuni. Anapoteza bomba la maji, dispensari, na shule iliyo karibu. Mtu wa mjini akiachishwa kazi hubaki angalau na mlango wake wa kodi mpaka mwisho wa mwezi. Huyu wetu anaambiwa afungashe. Kwa hiyo mtu yeyote asiwacheke hawa, wala asiwaambie "jiajirini tu" kana kwamba ni jambo la asubuhi moja.

Na wewe wa ofisini, usidhani mahubiri haya ni ya wenye vikapu. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, kisha mizigo, wenye hoteli na gereji za kando ya barabara kule walihisi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kutuma pesa nyumbani kwa bahasha mkononi mwa kondakta kulianza kufa. Lakini kumbuka pia upande wa pili: kabla ya M-Pesa hakuna mtu Kenya aliyekuwa akiitwa wakala wa M-Pesa. Leo ukienda soko lolote unampata, na wengi wao ni watu wa makanisa yetu. Mana ya mmoja ilikoma, shamba la mwingine likafunguka. Swali la leo ni hili: utakuwa umejifunza kulima siku hiyo ikifika?

3. Hata waliojua kulima walijifunza upya

Mtu anaweza kusema, "Pasta, kina Kalebu walikuwa wakubwa Misri, walikumbuka kilimo." Soma Kumbukumbu la Torati 11. Musa anawaambia kwamba nchi wanayoiendea si kama Misri. Misri walipanda mbegu na kuinywesha kwa mguu, kama bustani ya mboga. Maji ya mto, mifereji, udongo tambarare. Kanaani ni milima na mabonde, nchi inayongoja mvua kutoka mbinguni. Ujuzi wa Misri peke yake haukutosha. Hata mzee mwenye uzoefu aliingia darasani.

Watu wangu, hili linatugusa sisi tuliopita miaka arobaini. Tunapenda kusema, "Nimefanya kazi hii miaka ishirini, utanifundisha nini?" Miaka ishirini ni heshima. Lakini kama ni miaka ishirini ya kunywesha kwa mguu, na sasa uko kwenye nchi ya mvua, kaa chini ufundishwe, hata kama mwalimu ni wa umri wa kitinda mimba wako.

Kisha nenda 1 Samweli 13, kuanzia mstari wa 19. Hakukuwa na mhunzi katika Israeli yote. Kila mtu aliyetaka kunoa jembe au shoka lake ilimbidi ateremke kwa Wafilisti, na akalipa. Taifa lina mashamba, lina jembe, lakini ujuzi wa kunoa uko kwa jirani. Hiyo ni umaskini wa aina nyingine.

Sasa niulize vijana wa hapa. Ile mashine ya chai ina injini ndogo ya petroli na ina visu. Visu vinakuwa butu. Plagi inachafuka. Kabureta inaziba. Nani anaitengeneza? Injini ya jamii hiyo iko kwenye mashine ya kukata nyasi, iko kwenye msumeno wa miti, iko kwenye pampu ya maji. Kijana akiijua injini moja, amejua nusu ya kijiji. Je, tutaendelea kuteremka kwa Wafilisti?

Vyuo vya ufundi vya kaunti vipo, na karo yake si kama ya chuo kikuu. Na wewe uliyejifunzia kazi chini ya mti, fundi wa kuchomelea, wa umeme, wa ushonaji, wa ujenzi, usiseme huna karatasi. Kuna mtihani wa ufundi wa NITA, gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Wanapima mikono yako. Kuna watu hapa kanisani wameezeka nusu ya nyumba za eneo hili, lakini kandarasi ikitokea wanaipata wenye cheti. Kapime mikono yako, upewe karatasi yake.

Na mama, jifunze kutumia simu uliyonayo zaidi ya kupiga na kupokea. Jifunze kuuliza bei ya soko kabla ya kubeba mboga. Jifunze kusoma ujumbe wenyewe usisomewe na mtoto. Huko ni kujifunza mvua ya nchi mpya.

4. Mana haikuwekwa ghalani, nafaka huwekwa

Mana ilikuwa na sheria yake. Aliyeiweka mpaka asubuhi, siku zisizo za maandalizi ya Sabato, iliingia mabuu na kunuka. Kwa miaka arobaini Israeli hawakuwa na desturi ya ghala. Walikula ya leo leo. Walipoingia Kanaani, mtu mwenye desturi hiyo angekufa njaa, kwa sababu nafaka huvunwa kwa msimu na kuliwa mwaka mzima.

Mshahara wa kila mwezi umetufanya watu wa mana. Tarehe ya mwisho tunaokota, tarehe kumi tumemaliza. Hatuna ghala kwa sababu tunajua itaanguka tena. Wapendwa, anza ghala sasa, mana ikiwa bado inaanguka. Yusufu, Mwanzo 41, alishauri sehemu ya tano iwekwe katika miaka ya shibe. Kama huwezi sehemu ya tano, weka sehemu ya ishirini. Ingia sacco, ingia chama cha kina mama chenye vitabu vinavyosomwa wazi. Kidogo kinachowekwa kila mwezi kinafundisha mkono kufunga.

Na siku ya kupunguzwa ikija, usiipokee kama mtu asiye na sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, kwa chama cha wafanyakazi kama wewe ni mwanachama, na kwa afisa wa leba. Siku za likizo ambazo hujachukua zilipwe kwa pesa. Na kila mwaka uliomaliza ulipwe mshahara wa siku zisizopungua 15. Fanya hesabu: miaka 14 mara siku 15 ni siku 210. Hiyo ni kama miezi saba. Na mkataba wa chama chenu unaweza kuwa na zaidi ya hapo, uliza. Wewe unayeitwa kibarua mwaka baada ya mwaka, soma kifungu cha 37, kinaeleza ni lini kibarua anageuka mfanyakazi wa mkataba. Angalia pia michango yako ya NSSF kama inafika. Kujua haki yako si ukosefu wa imani. Paulo alipotaka kupigwa mijeledi bila hukumu, Matendo 22, alidai haki yake kama raia wa Rumi, na aliendelea kuwa mtume.

Sasa sikiliza neno hili, na ukinikasirikia nitavumilia. Siku pesa hizo za kuachishwa kazi zitakapoingia, utapata marafiki wengi. Atakuja mwenye kukuambia weka elfu hamsini upate laki kwa wiki mbili. Mkatae. Atakuja mjomba na pikipiki kuukuu. Mkatae kwa upole. Na akija mhubiri, hata akiwa mimi, akakuambia leta zote madhabahuni ziwe mbegu ya muujiza, mkatae pia. Toa sadaka yako kwa moyo wa kupenda kama ulivyotoa siku zote. Lakini zile siku 210 ni nafaka ya nyumba yako. Mkulima hamwagi mbegu yote mahali pamoja kwa sababu mtu amepaza sauti. Kaa miezi mitatu ukiwa umefunga mkono. Lipa kodi, lipa karo, omba, chunguza, ndipo upande.

5. Pembe za shamba

Nisiposema hili nitakuwa nimehubiri nusu. Mungu alipowapa Israeli mashamba, aliwapa na amri ya Walawi 19:9: usivune mpaka pembe za shamba lako, wala usiokote masazo. Pembe ni za maskini na mgeni. Ruthu alikuwa mgeni mjane ambaye riziki yake ilikuwa imekatika. Aliingia shamba la Boazi kwa mlango huo wa pembe. Asingeingia kama Boazi angekuwa anavuna mpaka ukingoni.

Wewe mwenye biashara, pembe ya shamba lako ni kijana mmoja umchukue akae kando yako ajifunze. Fundi, usifiche ujuzi. Uliye na plotí mtaani, familia ikifungashwa kutoka nyumba za kampuni, usipandishe kodi wiki hiyo hiyo kwa sababu umeona lori la vitanda. Na mwajiri anayesoma gazeti hili la kanisa: unaweza kununua mashine, hilo ni shamba lako. Lakini aliyekuchumia miaka kumi na minne usimtoe na siku kumi na nne. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zina msikilizaji.

Sisi kama kanisa tusiwe watu wa kuombea kazi tu. Tuulizane. Katika kila ushirika wa nyumbani kuna mtu anayejua kitu ambacho mwingine anakihitaji. Jumapili tunakaa kiti kwa kiti, fundi wa umeme na mama ambaye mwanawe anatafuta pa kujifunza, na wote wanarudi nyumbani bila kujuana kazi. Hilo tunaweza kulibadilisha bila kamati.

Neno la mwisho

Kutoka 16:33 Musa alimwambia Haruni aweke mana pishi moja katika chombo, itunzwe mbele za Bwana kwa vizazi vijavyo. Ile haikuoza. Lakini haikuwa ya kuliwa. Ilikuwa ya kukumbuka.

Ndivyo tuifanyie kazi ya zamani. Kikapu kile kiheshimiwe. Mtoto aliyesoma kwa kilo za mama yake akitazame na kusema asante, Bwana, ulitulisha. Lakini asikae mezani akingoja kijae. Mezani sasa kuna mkate wa nchi, na mkate wa nchi unataka jembe.

Tuombe. Baba, asante kwa mana yote tuliyokula. Wale ambao wameamka na kukuta uwanja mtupu, wafunike, wapate pa kulala na karo ya watoto. Wanaojifunza kazi mpya, wape uvumilivu na mwalimu mwema. Tupe macho ya kuona mazao mapya kabla njaa haijatufungua macho. Na utupe mkono wa kuacha pembe za mashamba yetu. Kwa jina la Yesu Kristo, amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Kazi yako ya sasa ikikoma baada ya miezi sita, ni kitu gani kingine unaweza kufanya kwa mikono yako? Unahitaji kujifunza nini ili ukifanye vizuri?
2. Kila mtu ataje ujuzi mmoja alio nao na ujuzi mmoja anaoutafuta. Karani wa ushirika aandike orodha na kuwaunganisha wanaofaana.
3. Someni pamoja Ruthu sura ya 2. Pembe ya shamba lako mwenyewe ni ipi, na nani anaihitaji mwezi huu?